Sukari Isiyo Chai

Nina meza na karai,
viazi, kachiri, chai;
ujuzi mie sidai,
nauza tu mlangoni.

Ukumbi wake Famau,
viti vyake vya dharau,
na feni hakusahau
kuizima mchezoni.

Juzi Amu akaleta
picha moja ya matata,
huba iliyojikita
chunguni na siniani.

Mpishi, jina Sakina,
kila nazi akikuna,
barua yake kijana
hutokezea tuini.

Naye kijana Badili
hajui kupika wali;
apendapo, pilipili
humuota mfukoni.

Wakaimba kina changu,
vitunguu vya mizungu
vikacheza kwa mafungu
chakacha mle jikoni.

Mwisho mvua ya halua
ikashuka, ikatua;
bibi harusi kavua
kiatu, kakinga chini.

Taa zikawaka pale:
huku cheko, huku kele,
wengine wangali vile,
wamegandama vitini.

Bi Kae ndiye wa kwanza:
"Tui zito alianza
kulitia! Kauponza
wali wote, maskini!

Kupendana, kupendana,
na chungu hakijanona!
Walahi huyo kijana
atahama kwa jirani!"

Twalibu, fundi wa simu,
kacheka, kashikwa pumu;
kasema, "Hii ni tamu,
nirudishie mwanzoni!"

Mwanajaa na mumewe,
walokuja kama mawe,
kila mtu yu mwenyewe,
wakashikana gizani.

Taa zilipowaona
mikono wakaachana;
"Mbu!" asema huyo bwana,
ajipiga kisogoni.

Mwengine kadai pesa:
"Famau, umetutesa!
Mvua ya halua hasa
hunyesha lini Langoni?"

Famau kajibu: "Koma!
Nilikusikia nyuma
ukicheka. Cheko, mama,
halirudishwi dukani."

Naye mhakiki wetu,
Shekuwe, mwana wa watu,
mwenye safu Jumatatu
kwenye gazeti la pwani,

kaandika: "Ni sukari
isiyo chai. Habari
haina mwiba; ni heri
kunywa povu la sabuni.

Changu kuimba si hoja.
Hoja ni: changu mmoja
aimbiani? Hakuja
mtunzi na jibu ndani."

Mwanangu kanisomea,
gazeti nikifungia
viazi; nikasikia
kama nimechomwa pini.

Kwani usiku wa picha
nilipika hadi kucha;
njaa iliwachakacha
hadi walio shibeni.

Wakala wakigombana:
"Ni mbovu!" "Ni nzuri sana!"
na mdomo umenona,
ukwaju hata shavuni.

Na Shekuwe, nawambia,
sahani tatu katia;
uso akaninamia,
chozi hilo, sahanini.

"Ni pilipili," kanena.
Mie sikutia, bwana;
iliisha tangu jana,
haikuwepo sokoni.

Najua: nyumba anayo,
jiko baridi, na hiyo
kanga ya mkewe ndiyo
pazia la dirishani.

Miaka miwili sasa
nazi hajakuna hasa;
tui la kopo hukosa
barua iliyo ndani.

Sisemi amekosea.
Picha ina kulegea,
hamira imepotea
tangu pale harusini.

Lakini hata andazi
lisiloumuka wazi
huweza toa machozi
likikukuta njaani.

Leo asubuhi kaja,
mkononi nazi moja;
salamu hakuzingoja,
kaazima mbuzi. Kwani

niulize? Nikampa.
Akaketi papo hapa,
akakuna, akatupa
jicho moja kifuuni.